Usilifue Koti

Kivivaara, 13 Januari 1974

Mbwa mwitu kamla Halli! Kamchukua hapa hapa ngazini, mbele ya mlango wangu, nami nimesimama na birika la kahawa mkononi!

Haya, sasa ndiyo nikusalimu. Irja mwanangu, hujambo? Mumeo Tauno hajambo? Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua. Baridi imekaza mpaka magogo ya ukuta yanalia usiku kama bunduki. Baba yako yuko kambini anakata miti wiki nzima, anarudi Jumamosi, anaingia sauna kuoga mvuke, anakula, analala, basi nimemaliza habari zake. Ng'ombe wetu Mansikki anatoa maziwa ambayo Hilma, mke wa jirani yetu Arvi, akiyaona anageuza uso, maana wa kwake anatoa maji yenye rangi tu. Usimwambie mtu nimesema hivyo.

Krismasi tuliwangoja. Nilifua nyumba nzima, mazulia, mapazia, mpaka nguo zako za zamani zilizokuwa zikining'inia kwenye msumari. Nikazianika nje zikagandia kamba kama watu waliosimama. Hilma alipita akasema, "Saimi, unangoja askofu?" Nikamwambia, "Namngoja binti yangu, ni zaidi ya askofu." Kisha ikaja ile barua yako kwamba mna kazi. Sijui ni kiwanda gani cha Wasweden kinachofanya kazi Krismasi. Lakini sikuulizi.

Sasa Halli. Ilikuwa asubuhi, giza bado, nikamfungulia atoke kama kila siku. Mlango nikauacha wazi kidogo, nikarudi kuchukua birika jikoni. Nikamsikia akilia mara moja. Hakubweka, alilia, kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni. Nikatoka. Irja, yule mnyama ni mkubwa! Miguu mirefu kama ya ndama. Amemshika Halli shingoni, na unajua Halli alivyokuwa mnene, ni mimi niliyemnenepesha, kijiji kizima hakikuwa na mbwa mwenye shavu kama lile. Anambeba kama tarishi anavyobeba mfuko. Nikamrushia birika. Lile la shaba, la marehemu mama yangu, limejaa kahawa inayochemka. Nikampata mgongoni! Mwanamke gani mwingine wa Kivivaara amewahi kumpiga mbwa mwitu kwa kahawa?

Lakini hakukimbia. Aligeuka, akanitazama, akautazama mlango, akatazama dirisha, kama mtu anayeikariri nyumba ili asipotee akirudi. Kisha akaondoka taratibu kwa mwendo wake.

Tangu hapo naenda zizini na shoka, naimba nyimbo za kanisani kwa sauti yote. Mansikki amezizoea.

Rilla wako anakusalimu.

Mama yako anayekupenda,
Saimi

*

Västerås, 21 Januari 1974

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na baba akirudi kambini mpe salamu zangu. Tauno anawasalimu nyote. Amewekwa zamu ya usiku, tunaonana mlangoni kama majirani. Huku hakuna theluji ya maana, ni matope tu yenye chumvi, na Wasweden wanalalamikia baridi ambayo wewe ungetoka nayo bila kitambaa kichwani.

Pole kwa Halli. Nililia, kisha nikasoma pale penye birika nikacheka, kisha nikalia tena. Mama, usitoke nje gizani. Mwombe Arvi aje akufungulie zizi asubuhi. Najua utasema humwombi mtu. Mwombe.

Sasa nisikilize. Halli umemwandikia karatasi nzima. Birika limepata nafasi kubwa kuliko baba. Na Rilla umempa maneno matatu. Wewe huwezi kunipa habari ya kuku kwa maneno matatu. Nilimlea yule mbwa ndani ya koti langu tangu hajafungua macho, mama yake alipokufa, na ulisema mwenyewe kwamba nimezaa kitu chenye mkia. Rilla yuko wapi?

Sisi wazima. Siku hizi nimepewa kazi nyepesi kidogo.

Binti yako,
Irja

*

Kivivaara, 30 Januari 1974

Irja wangu,

Barua yako ililetwa na basi la posta Jumanne, nikaificha kwenye aproni mpaka nikamaliza kukamua, maana nilijua imeniuliza nini. Hatujambo. Baba yako mgongo unamuuma lakini ukimuuliza anasema ni wa mtu mwingine. Hilma kanunua redio mpya, haishiki stesheni hata moja. Nilikaa naye dukani nikamweleza jinsi wewe unavyosimamia mashine nzima ya upande wa dirishani, na jinsi Wasweden wenyewe wanakuja kukuuliza. Alinyamaza vizuri sana.

Nilidhani atarudi kabla hujajua. Ndiyo maana sikuandika.

Asubuhi ile Rilla alikuwa amefungwa kwenye mnyororo nyuma ya nyumba. Alipomsikia Halli, aliukata. Mnyororo, Irja, si kamba! Baba yako aliutazama ule mnyororo akavua kofia. Akapita mbele yangu kama moshi mweusi, akamfuata yule mnyama msituni. Niliwasikia ng'ambo ya kidimbwi. Kisha sikusikia kitu, na huko kutosikia ndiko kunakoniamsha mpaka leo.

Yu hai. Nimeanza vibaya, ningesema hilo kwanza. Yu hai! Arvi amemwona kwenye kile kibanda cha magogo cha kuwekea nyasi kavu kule malishoni, chini ya mlima wa mawe. Anachechemea mguu wa nyuma. Anakula mabaki ya kulungu walioachwa na wawindaji. Lakini ameogopa kiasi cha kutotaka mtu. Arvi alimwita kwa jina, akakimbia. Baba yako alimwita, baba yako aliyemfundisha kuwinda, naye akakimbia na tumbo likigusa theluji. Kitu alichokiona huko msituni kimemtia hofu ya kila chenye kusogea.

Basi baba yako akafanya kama inavyofanywa. Akavua koti lake, akaliacha pale kibandani, akaondoka bila kugeuka wala kuita, ili mbwa aje alale juu ya harufu ya mwenyewe na akae hapo mpaka afuatwe. Hakuja. Nyayo zake zimelizunguka mbali tu. Arvi anasema, "Vilho, huyu si mbwa wako, ni wa binti. Leteni koti la binti."

Irja, nimefua lile koti. Lile la kijani lililokuwa msumarini, alilokuwa akilala chini yake. Nililifua kwa ajili ya Krismasi, kwa sabuni na majivu, nikalisugua kola mpaka likawa kama la dukani, nikamwonyesha Hilma. Nimelipeleka kibandani hata hivyo. Linanuka upepo mtupu. Nimepekua nyumba nzima, kabati, dari, godoro lako, na hakuna hata uzi unaonuka wewe. Ndivyo mama yako alivyo msafi.

Nitumie nguo uliyoivaa. Koti ni bora. Usilifue! Usilipige brashi, usilitundike dirishani. Lifunge kwenye karatasi kama lilivyo ulipeleke posta leo leo, maana jana asubuhi nyayo za yule mkubwa zilikuwa mpaka kwenye kizingiti cha zizi, na kwenye ubao wa mlango palikuwa na ukungu umeganda, kimo cha kiuno changu. Ni pumzi yake. Alisimama hapo ananusa wakati mimi ndani naimba.

Akishamaliza kutuchunguza sisi atamrudia yule anayechechemea.

Mama

*

Västerås, 14 Februari 1974

Mama mpendwa,

Salamu kwako na kwa baba. Koti hili hapa. Nimelivaa tangu vuli mpaka majuzi. Tauno ndiye aliyelifunga, ndiyo maana lina kamba nyingi hivi.

Usiniulize kwa nini nimechelewa. Lipeleke tu. Na wewe usiende peke yako.

Mwambie Rilla nakuja. Usimwambie lini.

Irja

*

Kivivaara, 22 Februari 1974

Mwanangu Irja,

Salamu nyingi, na mjini kwenu kuwe na heri. Mansikki mzima, baba yako mzima, mimi mzima. Koti limefika.

Umeniandikia kwa penseli. Wewe, uliyepewa kalamu ya zawadi shuleni kwa mwandiko, niliyoionyesha mpaka kwa mganga wa mifugo. Nikakaa na ile karatasi. Mtu huandika kwa penseli akiwa amelala chali, kwa sababu kalamu ya wino ikielekezwa juu hukauka. Kaka yangu Eelis aliandika kwa penseli mwaka mzima alipolazwa sanatoria kwa kifua kikuu.

Kisha nikafungua koti. Vifungo vya katikati vimesogezwa mpaka ukingoni kabisa, na uzi ni wa rangi nyingine. Nikalitia usoni nikanusa. Linanuka wewe, na linanuka dawa ya kusugulia sakafu za hospitali.

Sikuulizi. Nimeandika niliyoyaona tu.

Nilikwenda peke yangu, usinigombeze. Baba yako yuko kambini, Arvi ana homa, na ningengoja mpaka Jumamosi harufu ingeanza kuwa ya jikoni kwangu. Nikavaa mbao zangu za skii mchana mweupe. Koti nimelifunga kifuani ndani ya karatasi, shoka mgongoni, vichwa vya samaki mfukoni. Unakijua kile kibanda, magogo yameachana upepo upite. Nikalitandaza pale mlangoni juu ya nyasi kavu, upande wa ndani juu, kama kitanda. Samaki kando. Rilla sikumwona. Nilijua tu yupo, kwa sababu ndege walikuwa wamenyamaza upande mmoja wa msitu.

Sikuita. Ulimi wangu niliuuma mpaka nikaonja damu, lakini sikuita.

Kurudi, Irja, nilifuata njia yangu mwenyewe ya skii niliyokuja nayo. Nilipofika kwenye kidimbwi nikaona nyayo kando ya njia. Si za zamani, theluji ya kingo ilikuwa bado inadondoka ndani. Zimeenda sambamba na skii zangu, hatua kwa hatua, tangu karibu na nyumba mpaka pale kidimbwini. Alinisindikiza wakati wa kwenda. Nilikuwa nimeongozana naye nami sijui.

Mama yako ana sauti kubwa, kwaya inajua, mchungaji mwenyewe aliwahi kusema inatosha makanisa mawili. Nilifungua kinywa niimbe, haikutoka hata pumzi. Nilitembea kimya mpaka nyumbani, nikafunga mlango, nikaegemeza meza, nikakaa chini ya meza hiyo na shoka. Nilikaa hapo mpaka Mansikki akaanza kulia kwa kutaka kukamuliwa. Sijamwambia baba yako. Wewe ndiwe wa kwanza.

Sasa umejua langu. Naliacha hapo.

Mama

*

Västerås, 3 Machi 1974

Mama,

Nawasalimu. Tauno anakuja kila jioni kabla ya zamu, ananiletea machungwa, anayala mwenyewe.

Niko hospitali, ndiyo. Nimelala tangu mwisho wa Januari. Daktari amesema nisisimame mpaka mtoto azaliwe, na mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Juni, akikubali kungoja. Kuna siku ameonyesha kwamba hataki kungoja. Siku hizo hushika ukingo wa kitanda nikahesabu maua ya pazia. Naogopa, mama. Naogopa kukohoa. Naogopa kucheka, na barua zako zinachekesha mahali pasipofaa.

Sikukuambia, na nitakwambia kwa nini, kwa sababu umeniambia la chini ya meza. Yule wa kwanza, mwaka juzi, nilikuandikia siku ile ile nilipojua. Kabla sijafika mwezi wa tatu ulikuwa umewaambia duka zima, kwaya, dereva wa basi la posta. Hilma alinitumia soksi. Kisha sikuwa naye tena, na ikabidi uende nyumba kwa nyumba kurudisha maneno. Baba aliniandikia kwamba ulirudisha soksi ukakaa sauna bila moto mpaka giza likaingia. Huyo baba, asiyeandika. Sikutaka uende tena nyumba kwa nyumba.

Basi ukiweza, mama, usiseme. Usiseme hata kwa fahari kidogo. Hata kwa kukohoa dukani.

Na mwambie mtu akusindikize kibandani. Silali kwa ajili ya kile kidimbwi.

Amelala juu yake? Niambie hata kama hajalala.

Irja

*

Kivivaara, 12 Machi 1974

Irja mwanangu, jicho langu,

Salamu kwako, na kwa Tauno, na kwa yule nisiyemtaja.

Nimemwambia Mansikki. Ilibidi nimwambie mtu, ningepasuka. Alitafuna tu, hatasema. Baba yako nilimpa barua yako asome mwenyewe. Akaisoma, akaikunja, akatoka kupasua kuni. Amepasua za kutosha mpaka mwakani. Aliporudi alisema, "Saimi, hili ukilisema dukani nahamia kambini." Nikamwambia, "Vilho, nimeshonwa mdomo." Naye akanitazama vile anavyotazama hali ya hewa.

Sasa kaa vizuri, au lala vizuri. Usicheke, usilie.

Tulikuwa tukienda sote wawili, mimi na baba yako, siku asizo na kazi, na Arvi siku nyingine na bunduki yake. Juma la kwanza koti lilikuwa kama nilivyoliacha, limeingiwa na theluji kidogo. Kisha siku moja samaki hawapo. Kisha siku nyingine katikati ya koti pana shimo la mviringo, kama la kiota, na manyoya meusi. Baba yako aliinama akaligusa kwa kiganja, akasema, "Vuguvugu." Neno hilo tu. Lakini nje, Irja, nje ya kibanda theluji yote ilikuwa imekanyagwa na yule mwingine. Amezunguka na kuzunguka. Magogo yamemzuia, au koti lina harufu ya mtu aliye ndani. Sijui. Tangu siku hiyo nilianza kuamka nikiwa nimekaa kitandani.

Jumapili baba yako alilala na mgongo wake. Arvi alinisindikiza, akabaki chini ya mlima na bunduki, maana Rilla hataki bunduki tena. Theluji sasa imeganda juu, inabeba mtu bila skii. Nikapanda peke yangu. Nikachungulia kibandani. Yuko juu ya koti lako. Mbavu unaweza kuzihesabu, ncha ya sikio imeliwa na baridi, mguu umevimba. Macho wazi. Ananitazama na anatetemeka mpaka nyasi zinatetemeka.

Unajua anayemwita mbwa wa namna hiyo amempoteza. Basi nikageuka nikampa mgongo, nikaketi pale kizingitini, nikanyamaza. Mimi, Saimi! Sikumsimulia kitu. Sikumwambia wewe ni mrembo, wewe ni hodari, wewe ulikata mnyororo, hakuna mbwa kama wewe hapa mpaka baharini. Yote yalikuwa yamejaa kinywani kama viazi vya moto. Makalio yaliganda. Nilikuwa nikimwogopa yule wa msituni aliye mbele yangu, na nikimwogopa huyu wa nyuma yangu asije akaruka akatoka, na nilikuwa nakuogopea wewe juu ya hicho kitanda. Kwa hofu zote hizo nikakaa kama mzigo wa unga.

Kisha kitu kikanigusa kwenye kiwiko. Pua.

Sikugeuka. Nikanyoosha mkono nyuma polepole nikashika, si mbwa, nikashika mkono wa koti. Nikasimama, nikaanza kulivuta. Nilidhani atalifuata kwa nyuma. Hakushuka! Alijilaza juu yake, kidevu kwenye kola, makucha yameingia kwenye kitambaa, nikamburuta kutoka kibandani, nikamteremsha mlima juu ya ile theluji ngumu kama mfalme kwenye kigari. Arvi alipotuona alitaka kusema kitu, nikamwonyesha ngumi.

Tukapita kidimbwini. Alianza kulia pale, sauti nyembamba. Nikamfunika kichwa kwa upande wa koti, tukapita.

Baba yako, ambaye hajawahi kuruhusu mbwa avuke kizingiti, alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama. Akasema, "Mlete karibu na jiko, basi, unangoja nini." Amemsafisha mguu mwenyewe, hataki nimguse. Usiku anashuka kitandani na huo mgongo wake kuangalia kama anapumua.

Koti limechanika chini, lina damu na magome ya miti. Silifui. Hilma akija nalifunika kwa zulia.

Arvi anasema nyayo za yule mkubwa zimevuka mpaka wa nchi kuelekea mashariki. Basi sasa ni shida ya Warusi, wao wana askari wengi. Lakini shoka bado naenda nalo zizini.

Wewe lala. Nyamaza. Usisogee. Mimi nimejifunza, na wewe utaweza.

Mama

*

Västerås, 16 Mei 1974

Mama yangu, baba yangu,

Nawasalimu kutoka dirishani, nimekaa. Naandika kwa kalamu, unaona?

Ni msichana. Alizaliwa tarehe 29 Aprili, mapema mno, mdogo kama mkate wa kwanza unaochomwa kujaribu jiko. Sikuwaandikia kwa sababu walimweka kwenye sanduku la kioo, na kwa siku nyingi kila muuguzi aliyekuja upande wangu nilitazama kwanza miguu yake anatembea vipi. Tauno alikuwa akisimama nje ya kioo na kofia mkononi. Nilikufikiria pale kibandani na mgongo wako. Nikanyamaza nikangoja.

Leo wamemtoa. Ananyonya. Ana sauti, mama, tunajua ameitoa wapi. Jina lake Kaino, na la pili Saimi. La kwanza sikuthubutu, tungekosa amani.

Daktari anasema mwezi ujao anaweza kusafiri.

Sasa sema, mama. Mwambie unayetaka.

Irja

*

Kivivaara, 24 Mei 1974

Msichana! Mjukuu wangu ni msichana, na ana sauti!

Salamu zije baadaye, haziozi. Nilisomea barua barabarani pale pale kwenye basi, na dereva akaniuliza, "Kuna msiba, mama?" maana nilikuwa nimekaa kwenye ndoo ya maziwa. Nikasimama, nikavaa kitambaa changu cha Jumapili, nikaenda dukani na baiskeli. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Ningeanza na daktari wa Kisweden, nipitie sanduku la kioo, nimalizie na jina.

Nikafungua mlango. Duka limejaa. Hilma yupo na unga wake. Nikafungua kinywa, mwanangu, na ikawa kama siku ile ya kidimbwini, hakitoki kitu. Nimesimama tu machozi yanashuka mpaka kidevuni. Hilma akaweka unga chini akauliza, "Saimi, ni mbwa tena?" Nikatikisa kichwa. Akanitazama vizuri, akaja, akanishika mabega, akasema polepole, "Ni Irja? Amejifungua?" Nikaitikia kwa kichwa. Basi ni yeye aliyewatangazia! Hilma! Habari yangu mwenyewe! Nimekaa miezi yote hiyo nayo tumboni, ametoka nayo yeye. Leo kaja na soksi. Ni zile zile, alikuwa amezitunza. Nimezipokea.

Rilla anachechemea kidogo lakini anakimbia. Gizani hatoki bila mimi, nami gizani sitoki bila yeye, tunangojana mlangoni kama vibibi viwili. Kwa bahati majira haya jua halizami sawasawa, giza lenyewe halipo. Mtu akija asiyemjua bado hujificha chini ya kitanda na kuonyesha meno, na hilo linanitia wasiwasi kwa ajili ya Kaino. Kwa hiyo nitumie kinguo cha mtoto alichokivaa, kabla hamjaja. Usikifue! Nitakiweka ndani ya koti lako pale karibu na jiko Rilla alale nacho, ili siku mtakayofika awe anamjua tayari, na ajue ni wa kwetu.

Baba yako anajenga kitanda cha mtoto kwa mti alioutunza tangu sijui lini. Mchungaji amekubali kuja kubatiza hapa hapa uani. Arvi analeta samaki, Hilma analeta redio, Mungu atusaidie. Sauna itawashwa tangu asubuhi. Tunawangoja nyote watatu mkesha wa sikukuu ya Yohana, Ijumaa tarehe 21 Juni.